Nyumba kuukuu za Lamu: warithi wengi, paa moja

Katika mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu nchini Kenya, mpita njia hukutana na milango ya nakshi iliyofungwa kwa kufuli zenye kutu. Nyuma ya baadhi ya milango hiyo hamna tena nyumba bali gofu: dari imeporomoka, mkuyu umeota juu ya ukuta, na zidaka zilizowahi kupambwa kwa vyombo vya kaure zimebaki wazi kwa mvua. Hatua chache mbele ipo nyumba nyingine ya umri uleule, imekarabatiwa, imepakwa chokaa nyeupe, na hukodishwa wageni kwa siku.

Tofauti kati ya nyumba hizo mbili mara nyingi huelezwa kwa neno moja, fedha. Maelezo hayo hayatoshi. Magofu mengi ya Lamu yana wenyewe, na miongoni mwa wenyewe hao wamo wenye uwezo. Kinachoiangusha nyumba ni kwamba wenye haki nayo ni wengi mno kuafikiana upesi, na paa la chokaa halisubiri mwafaka. Anayetaka kununua nyumba ya namna hiyo na kuifufua, awe mkazi wa Nairobi, mwana wa Lamu anayeishi Muscat au Mtanzania aliyevutiwa na habari za bei, atakabiliana na mambo mawili kwa mfuatano: kwanza watu, kisha maji.

Suala hili si la mapambo ya kitalii. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na sababu mojawapo ni kwamba watu bado wanaishi ndani yake. Tangu miaka ya 1970 wanunuzi kutoka Ulaya na kwingineko wamekuwa wakinunua nyumba kisiwani humo, hususan katika kijiji cha Shela. Kufunguliwa kwa gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, Mei 20, 2021, kuliongeza matarajio ya wenye ardhi. Familia inayouza nyumba ya mababu mara nyingi huhamia mitaa mipya nje ya mji wa kale, kama vile Wiyoni, ambako hujenga kwa matofali ya saruji. Kila mauzo, basi, huamua pia nani atabaki kuishi ndani ya mji huo.

Mafungu 64 ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa kawaida. Mwenye nyumba, Mwislamu, anafariki akiacha mjane, wana watatu wa kiume na wawili wa kike. Mjane hupata thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki hugawanywa ili kila mtoto wa kiume apate mara mbili ya wa kike. Nyumba ikihesabiwa kuwa mafungu 64, mjane ana 8, kila mtoto wa kiume ana 14, na kila binti ana 7. Wote ni warithi sita, na bado wanaweza kukaa barazani wakazungumza.

Miaka ishirini ikipita, hesabu hubadilika. Mjane amefariki, kaka mmoja amefariki akiacha wake wawili na watoto saba, dada mmoja amefariki akiacha mume na watoto. Sasa wenye haki ni zaidi ya ishirini, na wametawanyika Mombasa, Jeddah, Muscat na London. Wapo ambao hawajawahi kuiona nyumba yenyewe. Hakuna aliyekosea, kila mmoja amepata haki yake kwa mujibu wa dini na sheria. Lakini nyumba haigawanyiki kama shamba la minazi. Huwezi kumkabidhi binti mafungu yake 7 kati ya 64 ya ngazi.

Hapo ndipo ukarabati hukwama. Mrithi anayeishi karibu huona tone la kwanza la maji darini. Akitoa fedha zake kuziba ufa, fungu lake halikui hata kidogo, na hana uhakika kwamba gharama yake itahesabiwa siku ya kugawana. Asipotoa, hasara inagawanywa kwa wote. Kwa hesabu ya mtu mmoja mmoja, kungoja ni busara. Kwa hesabu ya nyumba, kungoja ndiko kunakoiua.

Mnunuzi asiyelijua hili hufikishwa mlangoni na dalali, akaonyeshwa mtu mwenye ufunguo. Ufunguo si mamlaka. Kwa sheria za Kenya, mali ya marehemu haiwezi kuuzwa kihalali kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi, na kuingilia mali hiyo bila idhini ni kosa. Kwa familia za Kiislamu, Mahakama ya Kadhi, inayotambuliwa na Katiba ya mwaka 2010, ndiyo huamua nani ni mrithi na fungu lake ni kiasi gani, pale wahusika wote wanapokubali mamlaka yake. Mnunuzi mwenye hadhari huomba kuona uamuzi huo wa maandishi, kisha huhesabu majina na kulinganisha na saini. Wanaosahaulika mara nyingi ni wanawake: dada aliyeolewa mji mwingine miaka mingi iliyopita, ambaye ndugu zake walichukulia kwamba hana haja. Ana haki, na akijitokeza baada ya malipo, mahakama itamsikiliza. Fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18 nalo haliwezi kuuzwa kwa saini ya mjomba tu. Linahitaji idhini ya mahakama.

Lipo swali jingine linalopaswa kuulizwa mapema, nalo ni la wakfu. Katika miji yote ya mwambao, watu wenye mali waliweka nyumba wakfu kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi chao. Nyumba ya wakfu haiuzwi kama mali ya kawaida, hata kama imekaa gofu na hata kama anayekaa ndani analipa kodi ndogo kwa miaka mingi. Ushahidi wake huenda usiwemo katika hati ya Kiingereza iliyoko ofisi ya ardhi, bali katika karatasi ya zamani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa sandukuni. Sisi tunaofanya kazi ya kufasiri tunajua jinsi karatasi moja ya aina hiyo inavyoweza kubatilisha faili nzima. Kabla ya kulipa arubuni, ni vyema kuajiri mtu wa kuisoma.

Baada ya hayo ndipo upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi unapokuwa na maana: kuona jina lililosajiliwa, zuio la mahakama, au rehani ya benki. Mipaka pia ina mambo yake. Nyumba za Lamu zimeegemeana. Ukuta mmoja hubeba boriti za majirani wawili. Pengine familia ilijenga chumba juu ya kichochoro, kinachoitwa wikio, kuunganisha nyumba mbili za ndugu. Ndugu hao wakiuza upande mmoja, wikio ni la nani? Ghorofa ya juu nayo huenda ikawa na mwenyewe tofauti na ya chini. Ramani ya mpima ardhi huonyesha kiwanja kutoka juu, nayo haisemi lolote kuhusu ghorofa. Makubaliano haya yaandikwe, na majirani waitwe kushuhudia.

Kuhusu gharama za kisheria, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4 ya thamani. Muuzaji hulipa kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali, ambayo tangu Januari 1, 2023 ilipanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15. Ongezeko hilo limewapa baadhi ya wauzaji sababu ya kushawishi kwamba bei ndogo iandikwe kwenye mkataba na kiasi kingine kilipwe pembeni. Mnunuzi anayekubali hujidhuru mwenyewe: mkataba ukivunjika, atadai kile tu kilichoandikwa.

Mtanzania ni mgeni

Kwa msomaji wa upande huu wa mpaka, kuna jambo ambalo hotuba za ujirani mwema huweza kulifunika. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Ibara hiyo haimtofautishi Mtanzania na Mtaliano. Hati ikimpa asiye raia haki kubwa zaidi, sheria huisoma kana kwamba imempa miaka 99 na si zaidi.

Wapo wanaoamini kwamba uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umebadilisha hali hii. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu watu, bidhaa na mitaji kuvuka mipaka, lakini Ibara yake ya 15 inaacha suala la ardhi mikononi mwa sera na sheria za kila nchi. Tanzania haikuwa na haraka ya kutaka iwe vinginevyo. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, na Zanzibar ina sheria zake yenyewe. Mkenya anayetamani nyumba Mji Mkongwe anakutana na ukuta wa namna hiyohiyo.

Njia ya mkato inayopendekezwa ni kununua kwa jina la rafiki raia au kwa jina la kampuni. Katiba ya Kenya imeiziba: kampuni huhesabiwa kuwa raia endapo tu hisa zake zote zinamilikiwa na raia, na mali iliyowekwa dhamana kwa mtu mwingine huhesabiwa kuwa ya raia endapo tu wote wanaofaidika nayo ni raia. Anayetumia jina la rafiki, kwa hiyo, amempa rafiki nyumba.

Ugumu wa ziada ni wa lugha. Maneno ya Kiingereza ya hati za umiliki hufasiriwa kwa namna tofauti na magazeti, mawakili na madalali. Mmoja ataandika "umiliki huru", mwingine "umiliki wa kudumu", na wa tatu ataita "hati" tu, bila kutaja imebakiza miaka mingapi. Nyumba yenye ukodishaji uliobakiza miaka 20 si mali sawa na yenye miaka 90, hata kama milango inafanana. Idadi ya miaka iliyosalia na iandikwe kwa tarakimu katika mkataba wa kwanza kabisa.

Yapo pia makubaliano yasiyo mauzo, na kwa maoni ya mwandishi huyu yanastahili kuzingatiwa kuliko ilivyo sasa. Familia inaweza kukodisha nyumba kwa miaka kadhaa kwa mtu anayeikarabati kwa gharama yake, kodi ikawa ndogo au isiwepo mwanzoni, na nyumba ikarudi kwa warithi ikiwa nzima. Makubaliano hayo nayo yanahitaji msimamizi wa mirathi na saini za warithi, lakini ni rahisi zaidi kuwashawishi watu ishirini wakodishe kuliko wauze. Na pale ambapo mrithi mmoja yuko tayari kulijenga paa peke yake, basi fedha zake ziandikwe kama deni la mirathi mbele ya mashahidi, lilipwe kabla ya mgawanyo. Karatasi hiyo moja inaondoa ile hesabu inayomfanya kila mtu angoje.

Njia ya maji

Tukija kwenye jengo lenyewe, mkaguzi mzuri haanzii mlango wa nakshi. Huanzia juu. Ukuta wa Lamu umejengwa kwa matumbawe na chokaa, na unene wake ni karibu nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba vizuri nafasi inayozidi mita tatu hivi, vyumba ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe mepesi, kisha humwagwa tabaka nene la chokaa lililoshindiliwa. Ni paa zito. Likipasuka, maji huingia, tabaka huzidi uzito, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa sababu hiyo, boriti ijaribiwe pale inapoingia ukutani, si katikati. Fundi huichoma kwa bisibisi au msumari mrefu. Ukizama bila kipingamizi, boriti hiyo imebaki umbo tu. Mchwa hutafutwa hapohapo. Mkuyu ulioota juu ya ukuta usingʼolewe kwa nguvu, maana mizizi yake huenda ndiyo inayoshikilia mawe. Hukatwa, shina likauawa, na mizizi ikatolewa polepole huku ukuta ukijengewa upya. Nyufa nazo husomwa. Ufa mwembamba wa lipu si tatizo kubwa. Ufa wa mshazari unaopita kwenye jiwe lenyewe, mpana juu kuliko chini, huashiria kwamba ukuta unaondoka mahali pake. Mafundi huweka bandiko dogo la lipu juu ya ufa na kuandika tarehe; likikatika baada ya wiki chache, nyumba bado inatembea, na mazungumzo ya bei hayana budi kuanza upya.

Kisha inafuata saruji, ambayo imeangusha nyumba nyingi zilizokuwa zikidhaniwa zinaokolewa. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani. Chumvi iliyomo katika mawe hukusanyika nyuma ya lipu, hujenga fuwele, na baada ya misimu michache lipu hubanduka ikiwa imeshika vipande vya ukuta. Zege juu ya boriti ni baya zaidi: ni zito, ni gumu, na nondo zilizomo, hasa kama mchanga ulichotwa ufukweni, hushika kutu, hutanuka na kulipasua. Nyumba iliyopigwa saruji hivi karibuni na kupakwa rangi ya kung'aa ndiyo inayopaswa kuogopwa kuliko ile iliyo wazi na chakavu, kwa sababu ubovu wa hii ya pili unaonekana.

Chokaa, kwa upande wake, inadai subira. Huchomwa, huzimwa kwa maji, huachwa shimoni ilainike kwa majuma, na miezi ni bora zaidi. Lipu yake hupakwa kwa matabaka membamba na hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa, la sivyo jua huikausha kabla haijashikana. Mchanga uwe usio na chumvi. Boriti hubadilishwa chache kwa wakati, huku dari ikitegemezwa kwa nguzo. Mawe hutoka kisiwa jirani cha Manda, na kutoka gatini hadi mlangoni hubebwa na punda, kwa sababu vichochoro haviruhusu gari. Gharama hiyo husahaulika katika makadirio ya watu wanaotoka bara. Boriti nazo zina sheria zake. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, wakataji mikoko wa Lamu waliguswa moja kwa moja, na ingawa katazo hilo lililegezwa baadaye, ukataji unahitaji kibali. Ukarabati wa nyumba katika eneo lililohifadhiwa unahitaji idhini pia, na maofisa wa uhifadhi walio chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya waonwe kabla ya jiwe la kwanza kuondolewa. Huwafahamu mafundi wanaojua chokaa, na hilo pekee linastahili ziara hiyo.

Kazi ianze na paa, hata kama kilichopo mfukoni kinatosha paa tu. Makuti juu ya sakafu ya paa huzuia jua na mvua kwa bei nafuu, lakini hushika moto, na katika mji wa vichochoro moto huruka nyumba hadi nyumba. Kabla ya paa ni kutegemeza. Jengo dhaifu huwa hatari zaidi siku linapoanza kuguswa. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Hilo lilikuwa jengo la serikali, lenye macho ya dunia juu yake. Mnunuzi binafsi asiyeweka nguzo chini ya dari kabla ya kubomoa ukuta wa choo anacheza na maisha ya mafundi wake na ya jirani aliye upande wa pili wa ukuta.

Choo ndicho cha mwisho kukaguliwa na mara nyingi ndicho chenye gharama iliyofichika. Mashimo ya zamani yapo chini ya sakafu, karibu na misingi na wakati mwingine karibu na kisima. Wageni wanane wanaooga mara mbili kwa siku humwaga maji ambayo shimo lililochimbwa kwa familia iliyochota kwa kata halikuyatarajia, na maji hayo huenda moja kwa moja kwenye msingi. Maji matamu ya mji hutegemea kwa kiasi kikubwa vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo navyo vinawindwa na wajenzi.

Madalali hupenda kuonyesha nyumba kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, kuta zikiwa kavu na upepo ukipita kiwandani. Mvua kubwa za Lamu hunyesha Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo huzidi. Anayefikiria kununua aahirishe safari hadi wakati huo, aombe kulala usiku mmoja ndani ya nyumba, na asubuhi ahesabu ndoo zilizowekwa sakafuni.